Mama aliniuliza mkia uko wapi

Mi nimekulia Muheza, na kwetu ndege wa kuwinda alikuwa na jina moja tu, mwewe, na kazi yake ilikuwa moja, kubeba vifaranga wa mama. Ukisikia kuku katoa ile sauti yake ya kuonya na vifaranga wote wameingia chini ya mbawa, unatoka mbio na ufagio unapiga kelele swaa swaa, huku mama anakufokea toka jikoni kwamba umeshachelewa. Kwaiyo Januari 2021 nilivyomuona ndege wa namna ile kakaa juu ya fensi ya nyumba tunayopanga hapa Columbus, Ohio, akili yangu haikuwaza picha wala nini. Iliwaza ufagio.

Ngoja nianze na fida. Chombo cha kulishia ndege, sisi nyumbani tunakiita fida tu. Alituletea jirani, mzee mmoja mstaafu, Mmarekani, mwaka ule wa korona watoto wamefungiwa ndani shule wanasomea kwenye kompyuta, akasema wekeni hii nyuma ya nyumba mtoto apate kitu cha kuangalia. Tukajaza alizeti nyeusi. Wiki ya kwanza hamna kitu, wiki ya pili ikawa kama stendi. Junko wale wa kijivu wenye tumbo jeupe, kadinali dume mwekundu kama kanga mpya, hua wa huku ambao kidogo wanafanana na hua wa kwetu, kigogota mdogo, na shomoro, shomoro kibao. Mzee akaniambia shomoro sio wa huku, waliletwa toka Ulaya wakaachiwa Brooklyn miaka ya 1850, nikacheka nikamwambia basi hao ni wahamiaji wenzangu wasifukuzwe.

Mi nafanya shifti ya usiku kwenye ghala, narudi asubuhi, kabla ya kulala nakaa na chai yangu dirishani. Siku hiyo ilikuwa kama saa mbili na nusu, theluji imelala, ndege wamejaa, halafu ghafla kimya. Sio kwamba waliruka, waliobaki waliganda. Kigogota kajibandika kwenye shina la mti kama kipande cha gome, hatikisi hata jicho. Kuna vindege vidogo vina kofia nyeusi vinaitwa chikadii, vyenyewe vilitoa kasauti kembamba sana siiit, halafu navyo kimya. Sikuelewa. Ile naweka kikombe chini ndo nikaona kitu cha kahawia kinapita usawa wa fensi, chini kabisa, kinakuja kasi kimeficha mwili nyuma ya banda la vifaa mpaka dakika ya mwisho, puu, manyoya hewani, na hua mmoja yuko chini ya miguu.

Nilitoka na ndala. Kwenye theluji. Napiga kelele swaa, swaa, na ufagio kweli nilikuwa nao. Yule ndege akanitazama, na jicho lake lilikuwa la njano kali, akafunika hua kwa mbawa kama mtu anayeficha sahani, halafu akaruka nae taratibu maana mzigo ulikuwa mzito, akatua kwenye uwanja wa mzee. Mzee kanyanyua dirisha akauliza kuna nini, nikamwambia mwewe anaua ndege wetu. Akaniambia kwa upole, kijana, ukimgusa huyo ni kesi. Kumbe kuna sheria ya ndege wahamao ya 1918, na ndege wa kuwinda waliingizwa humo mwaka 1972, huruhusiwi kumpiga, kumkamata, wala hata kuweka unyoya wake ndani ya nyumba. Binti yangu alikuwa ameshaokota unyoya mmoja. Ikabidi tuurudishe nje.

Basi mzee akaniambia kama una hasira nae mpige picha. Alikuwa anatania lakini mi nikaichukua hivyo hivyo.

Nikanunua kamera mtumba, Nikon D7200, na lenzi ya 70-300, mke wangu hakufurahi na nilimwelewa. Nilidhani kazi imeisha. Yaani nilidhani ukiwa na lenzi ndefu ndege anajipiga mwenyewe. Wiki tatu za kwanza nilipata picha nyingi sana za matawi. Fokasi ya kamera inapenda matawi jamani, ndege yuko nyuma ya kijiti kimoja chembamba kama njiti ya kiberiti na kamera inaona njiti tu, ndege kawa ukungu. Nikaja kujua ubadilishe iwe nukta moja tu ya fokasi, uiweke kwenye bega au kifua, sio eneo zima ambalo kamera inajichagulia.

Kosa kubwa lakini lilikuwa la dirisha. Nilisoma kwamba kupiga kupitia kioo kunaharibu picha, hasa kioo cha kule baridi ambacho ni viwili vimebanwa pamoja, ukipiga upande upande taswira inajirudia. Nikasema rahisi, nafungua dirisha. Nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri, ndani hita inaunguruma, mke wangu kajifunika blanketi ananiangalia hasemi kitu, na mimi nimechomoza lenzi dirishani kama mlinzi wa benki. Nikapiga picha mia na arobaini za yule ndege, ametulia, mwanga mzuri, mita kumi na mbili hivi. Zote mbovu. Sio kwamba zimetikisika, zilikuwa kama unaangalia lami ya Segera saa saba mchana, kitu kinacheza cheza. Nilidhani lenzi ya mtumba nimepigwa. Mzee ndo aliniambia ni joto la nyumba, hewa ya moto inatoka dirishani inakutana na ya baridi pale pale mbele ya lenzi, na unapiga picha kupitia huo mchanganyiko. Bora ufunge. Ukifunga, futa kioo ndani na nje, zima taa ya chumba, lenzi iguse kioo kabisa au iwe karibu sana, na usimame kioo kikiwa mbele yako wima, sio kwa pembe. Toka hapo nimeacha kufungua na amani imerudi nyumbani.

Theluji nayo ina ujanja wake. Kamera ikiona nyeupe nyingi inadhani mwanga ni mkali inatia giza, ndege anatoka mweusi kama mkaa, na kwa ndege wa aina hii rangi ya mgongo na michirizi ya kifua ndo kila kitu. Unaongeza mwanga kwa makusudi, mi naweka +1 siku ya theluji. Spidi ya shata, akiwa amekaa hata 1/500 ya sekunde inatosha, ila huyu hakai, kwaiyo naacha 1/2000 muda wote na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inajipanga yenyewe, picha ikiwa na chengachenga siijali. Picha yenye chenga unaweza kuhesabu michirizi, picha iliyotikisika haikusaidii chochote.

Sasa nirudi kwenye jambo lenyewe, huyu ndege ni nani.

Hapa Ohio kuna wawili wanaokuja kwenye fida, na watu wanawachanganya kila siku, hata waliozaliwa hapa. Mmoja ni kipanga wa Cooper. Mwingine kwa Kiingereza jina lake linamaanisha mwenye muundi mkali, muundi si unajua, ule mfupa wa mbele ya mguu unaogonga kwenye meza, ila watu wanamwita shapi, na mimi nitamwita shapi. Wote wakubwa wao, kwa umri nasema, wana mgongo wa kijivu-bluu na kifua chenye mistari myekundu ya kutu, wadogo wao wana mgongo wa kahawia na kifua cheupe chenye michirizi, wote mkia mrefu wenye mistari, wote wanaruka kwa kupiga piga mbawa haraka halafu wanateleza. Yupo na yule mkubwa mwenye mkia mwekundu anayekaa kwenye nguzo za barabara kuu, ila huyo anahangaika na panya na kindi, fida haimhusu sana.

Kitabu kinakwambia Cooper ni mkubwa, sentimita 37 mpaka 45, na shapi mdogo, 24 mpaka 34. Ukisoma hivyo unaona kazi nyepesi. Tatizo jike ni mkubwa kuliko dume kwa wote wawili, tena kwa mbali, kwaiyo jike la shapi linakaribia dume la Cooper, na wewe hapo dirishani huna rula, una moyo unadunda, na ndege akikunja shingo anakuwa mdogo na akijivimbisha kwa baridi anakuwa kama bata. Mi niliamua wa kwangu ni shapi. Kwanini? Kwasababu mwewe wa Muheza kwenye kumbukumbu zangu alikuwa mkubwa, na huyu alikuwa mdogo kuliko kumbukumbu. Hiyo ndo ilikuwa sayansi yangu.

Mwezi wa pili mwishoni nikapata picha. Kakaa juu ya nguzo ya fensi, jua la asubuhi, uso wote, jicho la njano lina alama ya mwanga ndani yake, unyoya mmoja wa shomoro umenata mdomoni. Picha ya kuchapisha ukutani. Nikamtumia mama WhatsApp, nikaandika mama ona mwewe wa Marekani. Mama alikaa kama saa nzima, halafu akanirudishia ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wanasikika:

"Baba, picha nzuri, hongera. Lakini mbona umenipigia pasipoti? Mkia uko wapi? Mwewe mkia wake umepasuka kama wa samaki. Kama huyo haukupasuka basi siyo mwewe, huyo kipanga, na kipanga ndo mbaya zaidi, maana hazunguki juu ukamuona, anatokea kichakani. Ndo aliyemaliza njiwa wa marehemu baba yako. Sasa nitajuaje na umenionyesha macho?"

Nilikaa pale kitandani na kamera mkononi nimeaibika. Miaka yote ile mi nakimbia na ufagio mama alikuwa anaangalia mkia. Nikaenda kwenye picha zangu zote, mia nane na kitu, natafuta mkia. Zilikuwa nyuso tupu. Mikia michache niliyonayo iko nyuma ya nguzo, au imekatwa na ukingo wa picha maana nilivuta zumu mpaka mwisho ili nipate jicho.

Toka siku hiyo nikabadilisha utaratibu. Akitua tu, picha ya kwanza ni mwili mzima bila zumu kubwa, hata ikiwa mbaya. Ya pili mkia. Ya tatu kisogo, akigeuka. Ya nne miguu. Uso ni wa mwisho, kama bado yupo.

Na mkia kweli unasema. Wa Cooper ncha yake ni mviringo, manyoya ya pembeni ni mafupi kuliko ya kati, na mwishoni ana utepe mweupe mpana unaoonekana. Wa shapi umekatwa kama kwa mkasi, bapa, manyoya karibu yote yanalingana, na weupe wa mwisho ni mwembamba kama uzi. Ila usiangalie mkia uliotandazwa wakati anapinda hewani, ukitandazwa hata wa shapi unaonekana mviringo, angalia umefumbwa. Na kipindi wanabadilisha manyoya ncha zimelika, utepe mweupe unaisha, hapo mkia peke yake unaweza kukudanganya.

Kisogo ni kwa wakubwa tu. Cooper mkubwa amevaa baraghashia, yaani weusi wa kichwani unaishia juu, kisogo chini yake kimepauka, kuna mpaka. Shapi amevaa ushungi, weusi unashuka mpaka shingoni unaungana na mgongo. Hii nilimwelezea mke wangu hivyo hivyo na yeye ambaye hana habari na ndege kabisa sasa hivi ananiita toka jikoni, njoo yule wa baraghashia kaja.

Wadogo angalia kifua. Cooper mdogo ana michirizi myembamba safi kama imechorwa kwa kalamu, na ikifika tumboni inapungua. Shapi mdogo michirizi yake ni minene, imevurugika, kama mtu kamwagia kahawa, na inashuka mpaka chini. Miguu ya shapi ni kama vijiti vya mishikaki, unashangaa inamshikaje. Ya Cooper ina nyama. Akiwa anaruka juu, kichwa cha Cooper kinatokeza mbele kabisa ya mbawa, anakuwa kama msalaba, wakati wa shapi ni kidogo na kimezama kati ya mabega, anakuwa kama herufi T.

Na kuhusu ukubwa, nilipata njia yangu. Ile nguzo ya fensi aliyozoea kutua, nilitoka nikaipima, upana wake sentimita 8.9. Kwahiyo nikipata picha ya pembeni akiwa kwenye nguzo ile ile, napima kwenye skrini, nguzo ngapi zinaingia toka kichwani mpaka ncha ya mkia. Wa kwangu alitoka nguzo nne na nusu. Yaani kama sentimita arobaini. Pamoja na mkia wa mviringo niliokuja kuupata Machi, habari ya shapi ikaisha pale pale, alikuwa Cooper, mdogo bado, michirizi ya kalamu na jicho la njano. Macho yao yanaanza njano yanaenda machungwa mpaka mekundu wakizeeka. Baridi iliyofuata kulikuja mmoja kwenye nguzo ile ile, mgongo umeshakuwa wa kijivu na macho yameanza machungwa. Binti yangu anaapa ndo yule yule. Mi siwezi kuapa, ila alitua upande ule ule wa nguzo.

Halafu mwaka 2024 wataalamu wa hapa wakamhamisha Cooper, zamani yeye na shapi walikuwa jenasi moja, yaani kundi moja la ndugu wa karibu, ya Accipiter, sasa yeye kaingizwa Astur na shapi kabaki. Nilifurahi kidogo. Nimehangaika kuwatenganisha hawa watu kumbe hata ukoo sio mmoja.

Kuna mtu ataniuliza, na ndege wako je, unawalisha alizeti ili wawe chakula cha mwingine? Hilo lilinisumbua, hasa baada ya binti kuuliza hua akiliwa anakuwa mzima au ameshakufa. Sikumdanganya. Cooper haui kwa mdomo, anabana kwa miguu, anakamua, kucha zinaingia, na inachukua muda. Nimemuona akikaa juu ya kwezi, wale kwezi wa Ulaya, dakika nyingi anabana tu na anaangalia pembeni kama mtu anasubiri basi. Haipendezi. Ila mara nyingi zaidi nimemuona akikosa. Anaingia kwenye kichaka cha miiba kwa spidi ile, ndege anaowafukuza wameshatoka upande wa pili, anabaki amesimama chini manyoya yamevurugika anatembea kwa miguu kama kuku. Na kazi yenyewe inawavunja. Walichunguza mifupa ya vipanga wa Cooper zaidi ya 300, asilimia 23 walikuwa na mivunjiko ya kifuani iliyopona yenyewe, wamegonga matawi wakifukuza ndege. Baada ya kujua hilo ufagio niliuweka mbali.

Nilichofanya ni hiki. Akizidisha, akija kila siku kukaa tu pale juu, nashusha fida wiki mbili. Ndege hawafi njaa, wanaenda kwingine, na yeye anaenda kutafuta kwingine. Nilihamisha fida kutoka katikati ya uwanja nikaiweka karibu na kichaka ili wawe na pa kukimbilia. Na dirisha, hili muhimu, ndege wakishtushwa wanagonga kioo, kwaiyo fida iwe chini ya mita moja toka kioo wasipate spidi, au mbali kabisa mita tisa na kuendelea. Yangu ilikuwa mita nne, pabaya kabisa, na mpaka leo kuna alama ya vumbi la mbawa kwenye kioo siifuti, japo hapa juu nimewaambia mfute.

Kitu kingine, usimvizie. Mwanzoni nilikuwa natoka nje natembea kuelekea alipo anakula, nataka karibu zaidi, anaacha chakula anaruka, na chakula hicho kamaliza nguvu zake za asubuhi kukipata kwenye baridi ile. Sasa nabaki ndani. Nasikiliza. Kimya kikiingia tu nachukua kamera, kabla hata sijaona kitu. Kuna bluu jei mmoja mjinga anaiga sauti ya kipanga ili wenzake wakimbie yeye ale peke yake, huyo kanitoa kitandani zaidi ya mara tano.

Novemba 2023 ndo shapi mwenyewe alikuja. Nimetoka shifti, sijavua hata koti. Kimya. Nikamuona kwenye reli ya ngazi, mdogo, mdogo kweli, kama hua tu, kifua kimemwagiwa kahawa, miguu vijiti. Mikono inatetemeka. Akageuka akanipa mgongo, akakaa hivyo, mkia umefumba, umekatwa kama kwa rula, utepe wa mwisho uzi. Nikapiga ishirini na mbili. Halafu junko akatikisika kwenye nyasi na shapi akaondoka, uso wake sikuupata hata mmoja.

Nikamtumia mama ile nzuri kuliko zote, mkia wote uko ndani, kila unyoya unahesabika, nikaandika mama leo mkia huo hapo.

Hakukaa hata dakika tano. Ujumbe wa sauti.

"Nimeuona. Sasa huyu naye mmegombana nini mpaka akakupa mgongo?"